Mstari wa Tahiru

...na bado kitambaa kiko mkononi, cheupe, kimepigwa pasi, mikunjo minne iliyonyooka, na Francis amekwisha kumwambia mara tatu, usikipunge, madamu, kishushe tu, mara moja, dereva atakuona na trekta litaanza, mpiga picha yuko kushoto kwako kwa hiyo tumia mkono wa kulia, na Zulaika ameitikia mara tatu, ndiyo, nimeelewa, ingawa macho yake hayakuwa kwa Francis, yalikuwa kule mwisho wa shamba, ambako trekta linanguruma likiwa limesimama, plau imeinuliwa nyuma, na mbele ya magurudumu yake, hatua tano au sita, ni mstari wa Tahiru... mstari wa Tahiru, mama yake huuita hivyo, na unaofuata ni mstari wa Zulaika, na baada ya hiyo miwili ni muhogo usio na jina, ekari mbili na nusu za muhogo mchungu wenye miaka mitatu ardhini, mashina manene kama mkono wa mwanamume, majani machache huko juu, shamba ambalo mpita njia angeliita pori, na yeye, mtoto wa shamba hilo, aliliita katika ripoti yake mtaji uliolala, ukurasa wa kumi na nne, na siku alipoyaandika maneno hayo ofisini Arua aliyasoma kwa sauti akayapenda, na sasa yanatoka kwenye spika mbili zilizofungwa kwenye nguzo za hema, kwa sababu Shafiki, mtangazaji wa redio aliyekodiwa kuongoza sherehe, ameisoma karatasi yote aliyopewa, "Watu ya Koboko, hii muhogo yenu iko nalala, miaka tatu iko nalala, nyinyi mnaamka saa kumi na moja, yeye bado iko kwa kitanda," na watu wanacheka, si sana, wanacheka kama watu waliokaa kwenye viti vya plastiki saa tatu nzima wakimngoja mgeni rasmi, ambaye kiti chake kilichofunikwa kitambaa cha dhahabu kiko tupu katikati ya meza kuu, hapa hapa kushoto kwa Zulaika, na soda yake imefunguliwa, na nzi wawili wamo ndani, mmoja bado anaogelea.

Yuko njiani, Francis alisema, lakini alisema hivyo saa nne na sasa ni saa saba, na tangu hapo bosi wake huyo ameinuka mara mbili kwenda kuzungumza na simu nyuma ya jenereta, na mara ya pili alirudi, akakaa, akasogeza chupa yake kidogo upande wa kulia, kisha akanong'ona, "Tutaanza bila yeye," na alipoulizwa kwa nini akajibu neno moja, "Ratiba," na ratiba ni kweli, mwaka wa mradi unaisha Ijumaa, ekari ya kwanza lazima iwe imepinduliwa, picha lazima iwemo kwenye taarifa ya mwisho, mwezi huu kila kitu ni haraka, hata hema hili lilifungwa kwa haraka, kamba ya nyuma imelegea na turubai linapigapiga... na wale askari wawili waliokuja asubuhi kumngojea mgeni, waliokuwa wamekaa kwenye gogo wakila karanga, hawapo, waliondoka saa ngapi, Zulaika aliona pikipiki ikitoka, akafikiri wamekwenda kununua sigara, lakini walikwenda wote wawili na mfuko wao, na gogo lina maganda ya karanga tu, na mama yuko safu ya pili, kiti cha tatu, amevaa kitenge cha kijani na shela, na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo Zulaika alimnunulia wakati wa Idi, miguu imewekwa sambamba, mikono juu ya magoti, haangalii trekta, hamwangalii Shafiki, anaangalia barabara ya Oraba, ile inayotoka mpakani, kwa hiyo Zulaika naye anaangalia barabara, na haoni kitu, watu wanatembea, barabara ina watu, ni barabara.

Wanawake wa kijiji ndio waliotaka iwe hivi, si yeye, yeye alipendekeza shamba la mwenyekiti, lakini Filda, anayeongoza kikundi cha akina mama, alisimama kwenye mkutano wa mwezi uliopita akiwa amejifunga khanga kiunoni na kusema, "Kama mama yako anang'oa, sisi tunang'oa kesho yake. Kama yeye hang'oi, wewe kunywa chai yako, dada, rudi Arua," watu wakacheka, hata Francis, asiyejua lugha ya hapa, akacheka kabla ya kutafsiriwa, na nyumba arobaini na moja zikaandikishwa kwa sharti hilo, likianza la Mama Tahiru mengine yote yanafuata, wiki moja, mbili, na bonde lote linakuwa safi kwa mbegu mpya, na jioni ile alikwenda kwa mama yake jikoni akiwa na maelezo kwenye tableti, michoro ya rangi, mstari wa bluu unapanda, mstari mwekundu umelala chini, na mama akaendelea kumenya, hakuitazama tableti, akasema kwa Kiswahili cha kambi za askari, ambacho ndicho kimekuwa lugha ya nyumba yao tangu msichana wa Kilugbara kutoka Adumi alipoolewa na askari wa Kikakwa na wawili hao hawakuwa na maneno mengine ya kuelewana, "Shamba ni yangu, lakini wewe ndiye nasoma. Ng'oa," basi, ng'oa, na Zulaika akalichukua neno hilo akaliandika kwenye fomu kama ridhaa, mama akaweka dole gumba, na wino ukabaki kwenye dole siku mbili.

Na si kwamba alidanganya kuhusu muhogo mtamu, hiyo mbegu mpya, hapana, kila alichosema ni kweli, unakomaa kwa miezi tisa, unazaa mara mbili, hauna sumu, kiwanda kipya kinauchukua wote, mtu mwenye ekari mbili anaezeka bati na kumpeleka binti shule, hiyo si hadithi, ameiona kwa macho yake kwingine, mabadiliko yanaumiza mwanzoni kisha yanalipa, ndivyo anavyowaambia wafanyakazi wapya, asiyebadilika huamuliwa na wengine, ndivyo ilivyoandikwa kwenye picha ya mwisho anayowaonyesha ukutani kwa projekta, herufi nyeupe juu ya kijani, na mama alipouliza swali moja tu, moja kati ya maswali yote ambayo angeweza kuuliza, "Hii mpya inakaa chini muda gani?" akamjibu ukweli, mwaka, mwaka na kidogo, kisha inaoza, na mama akauliza, "Na kama mtu mwingine anafika kwanza?" naye akajibu habari za uzio, seng'enge, mradi utasaidia, na mama akacheka, alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shela, "Uzio," akasema, "uzio, mwanangu," na hakuuliza tena... alikuwa anacheka nini, Zulaika alijiuliza njia nzima kurudi Arua, na alijua, hilo ndilo jambo, alikuwa anajua tangu alipowasha gari, muhogo mtamu mtu anaung'oa, anaupangusa kwenye suruali na kuutafuna akitembea, askari yeyote, mwizi yeyote, lakini ule mchungu unadai siku nne, uloweke kwenye maji siku nne, uukamue, uuanike, uutwange, na mtu mwenye bunduki hana siku nne, anapita shambani kana kwamba ni nyasi, muhogo mchungu una kufuli, na ufunguo ni muda, na muda wanao wale tu ambao shamba ni lao.

"Dada," mtu ananong'ona kulia kwake, ni Paulino, mfanyabiashara kutoka ng'ambo, Sudan Kusini, miaka kumi ananunua makopa ya muhogo hapa na kuyapeleka Yei kwa lori, amewekwa meza kuu ili aonekane kama soko, na hajagusa soda yake pia, "Dada, unaona barabara?"

"Naona watu," anasema Zulaika.

"Leo siyo siku ya soko."

"Siyo."

"Hao iko nabeba godoro. Mtu hapeleki godoro kwa soko," anasema Paulino, bila kugeuza kichwa, akitabasamu upande wa mpiga picha, "na dereva wangu, simu yake imezimwa toka jana mchana, alikuwa amefika Kaya, ng'ambo ya mpaka, akaniambia anakula kwanza ndiyo apige, hajapiga," kisha, "labda iko nalala, kama muhogo yako," na anacheka pumzi moja kupitia puani, na mkono wake ulio juu ya meza umeshika kifuniko cha soda na kukikunja katikati... godoro, ndiyo, sasa anaona, godoro la bluu juu ya kichwa cha mwanamke, na nyuma yake baiskeli inayosukumwa, haipandwi, imefungwa sufuria na jerikeni, na nyuma ya baiskeli mbuzi watatu wa kamba moja, na pengo, kisha wengine, hawasemi, hilo ndilo lililofanya asiwaone, watu wa sokoni wanasikika kabla hawajaonekana, hawa hawana sauti, na wote wanakwenda upande mmoja, kutoka Oraba kuja huku, hakuna anayekwenda kule, barabara yenye watu wa upande mmoja, na yeye ni mchumi, amefundishwa kuona mwelekeo, amekaa hapa tangu asubuhi akiwa ameelekezwa uso barabarani na hakuuona, mama aliuona bila shaka tangu saa tano... na huenda si kitu, imetokea mara ngapi, mwezi wa nne walikuja watu mia mbili baada ya risasi za wezi wa ng'ombe, wakapelekwa kituo cha kupokelea wakimbizi, baadaye kambi ya Omugo, baada ya wiki kimya, uwezekano ni mdogo, uwezekano wa vita vya ng'ambo kuvuka mto na kufika huku ni mdogo sana, yeye mwenyewe aliukokotoa.

Aliukokotoa, ndiyo, upo kwenye kiambatisho, kuna kanuni ya kupima thamani ya kungoja, thamani ya kitu usichokiuza leo kwa sababu kesho kinaweza kuwa ndicho pekee ulicho nacho, kanuni nzuri, ameifundisha, na ndani yake kuna herufi moja inayosimama mahali pa balaa, mara ngapi kwa miaka mingapi, na herufi ile inataka takwimu, na takwimu za wilaya zinaanzia mwaka elfu mbili na tatu, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na mtu wa kujaza fomu, aliyejaza fomu alikuwa amekimbia, na aliyebaki hakuwa na fomu, kwa hiyo dunia ilianza elfu mbili na tatu, miaka ishirini na kitu ya amani, balaa sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote... na kila Jumatatu anapita Ombaci akienda kazini, anapita penye ukumbusho wa watu waliouawa na askari pale misheni mwaka wa themanini na moja, anajua majina mawili matatu kati ya yale yaliyochongwa, hupunguza mwendo kwa sababu ya tuta, siyo kwa sababu nyingine, na majina yale hayamo kwenye safu yoyote ya jedwali lake, hakuna safu ya kuyapokea, mwaka wao unatangulia mwaka wa kwanza.

Na lile jingine, ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa la takwimu unaweza kusema hazikuwepo, lakini la hojaji lilikuwepo, lilikuwa mikononi mwake, nyumba mia tatu na arobaini, swali la kumi na saba, kwa nini hujavuna muhogo uliokomaa, na visanduku vitano, bei ndogo, hakuna usafiri, hakuna nguvu kazi, sijui, na mengineyo, na wanawake mia mbili na kumi na wawili, hesabu ile haimtoki, walimwambia mwulizaji maneno yaleyale, hii ni ya siku ya mbio, nyumba baada ya nyumba, waliosoma na wasiosoma, Waislamu na Wakristo, wajane wa askari na wake za walimu, ya siku ya mbio, na mwulizaji kijana wa Kampala aliandika mengineyo, mengineyo, mengineyo, na Francis akamrudishia jedwali, "Madamu, mengineyo haiwezi kuzidi asilimia tano, watatuambia hojaji yetu ni mbovu, wagawe," na yeye akawagawa, hakulazimishwa, alikaa Jumapili alasiri na chai ya tangawizi na kuwagawa mmoja mmoja, anayeishi mbali na barabara hakuna usafiri, mjane hakuna nguvu kazi, wengine bei ndogo, na kila mmoja alipokwenda kwenye kisanduku chake jedwali lilizidi kupendeza, na hakujiambia kuwa haelewi maneno yale, alielewa kuliko mtu yeyote katika jengo lile, alikua akiyasikia, alizaliwa mbioni yeye mwenyewe, upande wa pili wa mpaka, mwaka wa themanini na mbili, chini ya karatasi ya nailoni... basi kwa nini, kwa nini mkono wake ulikwenda haraka namna ile.

"Na sasa," anasema Shafiki kwenye maikrofoni, na Zulaika anasogeza kiti nyuma, lakini hapana, "na sasa kabla sijamwita binti yetu, daktari wa uchumi, nataka tujiulize, nani anaogopa mabadiliko? Wewe mzee pale nyuma, ulikuja hapa na miguu ama na bodaboda? Na bodaboda. Kumbe hauogopi," kicheko, kidogo kuliko cha kwanza, mzee mwenyewe hakucheka, amegeuka nusu kiti na kuangalia barabarani.

Kwa nini, anajua kwa nini, Tahiru, Zulaika alikuwa na miaka kumi na miwili shangazi yake alipomwambia akimchana nywele, kama mtu anayesema habari ya mvua, gbanda ndiyo ilimaliza kaka yako, muhogo, na kuanzia siku hiyo hakuweza kumeza ugali wa unga ule bila kuuhisi ukishuka, shuleni alikuwa anautia kwenye mfuko wa sketi na kuwapa mbwa, na chuoni alichagua somo lake la utafiti kabla profesa hajamaliza kuuliza, kubadilisha aina ya mbegu za muhogo, na watu wakafikiri msichana huyu ana moyo wa kilimo, hakuna aliyejua kwamba alikuwa anaufukuza mmea mmoja, kwa miaka ishirini, kwa subira, kwa karatasi, kwa michoro ya bluu na nyekundu, mpaka leo, trekta hatua sita kutoka mstari wa Tahiru, kwa maana mama, hilo hakuweza kulielewa kamwe, mama aliyapanda mashina yaleyale, kila alipovuna alikata vijiti vya muhogo uleule na kuvirudisha kwenye mstari uleule, akaupa jina la mtoto ambaye ulimuua.

Mtoto wa miaka minne, mwishoni mwa mwaka wa themanini, vichakani upande wa Ingbokolo, ng'ambo ya mpaka, walikokimbia jeshi lililokuja kulipiza kisasi, mama ana miaka ishirini, anavuka mpaka alfajiri kwa miguu, anaingia shamba lake mwenyewe akitambaa kama mwizi, anachimba kwa mikono, anarudi na kikapu kabla jua halijatoka, analoweka kwenye shimo kando ya kijito, siku nne, wiki baada ya wiki, na wote wanakula, na hakuna anayeumwa, mpaka asubuhi ile mtu alikuja mbio kusema magari ya jeshi yamevuka, fungeni, tunasogea, na muhogo ulikuwa na siku moja tu ndani ya maji, moja, na Tahiru analia njaa na safari ni ya siku nzima, mama akautoa, akautwanga mbichimbichi, akausonga harakaharaka watu wakifunga mizigo, akampa yeye kwanza kwa kuwa ni mtoto, na jioni walipoketi chini, alitapika, akatapika tena, kisha akasema, Mama, miguu yangu iko nalala... iko nalala, Shafiki, maneno hayo hayo, yametoka kwenye spika hivi punde watu wakacheka, na mama akiwa safu ya pili, kiti cha tatu, na hakutikisika.

Na asubuhi ya leo, chai, mkate, kikombe cha bati, Zulaika alidhani anatoa zawadi, alikuwa ameiandaa sentensi ile tangu Arua, akasema, "Mama, leo tunaondoa kile kitu kilichomuua Tahiru," mara ya kwanza katika miaka arobaini na tatu ya maisha yake kulitamka jina hilo mbele ya mama yake kama jina la mtu, si kama jina la mstari wala la mama mwenyewe, na mama aliweka kikombe chini, akakigeuza mpini uelekee ukutani, akasema, "Haikuwa muhogo. Muhogo ilikuwa sawa. Ilikuwa haraka," kisha, akiinuka, "Hiyo muhogo ililisha mimi miezi kumi na nne baada ya yeye. Wewe ulifikiri wewe ulitoka wapi?" na akaenda kuvaa viatu... haraka, haikuwa muhogo, siku moja badala ya nne, mtu anakuja mbio na kusema fungeni, na unautoa kwenye maji kabla ya wakati wake, na unampa unayempenda kwanza... mwaka wa mradi unaisha Ijumaa, tutaanza bila yeye, ratiba, wagawe, likianza la Mama Tahiru mengine yote yanafuata, nyumba arobaini na moja, wiki moja, bonde safi, mbegu mpya inataka miezi tisa, miezi tisa ambayo ndani yake hakutakuwa na kitu ardhini kuanzia hapa mpaka mtoni, na barabara ile... Mungu wangu, amempa anayempenda kwanza.

"...msomi, mtoto wa hapa hapa, hakuzaliwa Kampala huyu," Shafiki anasema, bado hajamtaja jina, anapenda kuzunguka, "amekuja kutuonyesha kwamba hata mama mzazi anaweza kukumbatia mabadiliko," na watu wanageuka kumtazama mama, na Zulaika pia anamtazama, na mama ameinama. Ameinama kwenye kiti chake, taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo wa kiti cha mbele, anafungua kamba ya kiatu cha kushoto, anakivua, anafungua cha kulia, anakivua, anafunga kamba mbili pamoja na kuvitundika kwenye mkoba, na anakaa tena wima, miguu mitupu sambamba juu ya nyasi, uso haujabadilika... kitu ya kwanza ni viatu, alikuwa akisema walipokuwa wadogo, akisema huku anapepeta unga, kama mtu anayefundisha mapishi, mtu anakimbia na viatu, moja inatoka, anarudi kutafuta, mimi nimeona mwanamke amerudi kutafuta kiatu, wakamwuliza, na ikawaje, na mama akaendelea kupepeta... Filda, kiti cha nne, ametazama miguu ya Mama Tahiru, ameinama naye, anavua ndara zake, anazipiga moja kwa nyingine kukung'uta vumbi na kuzitia kwapani, na mwanamke anayefuata, na yule wa nyuma yake aliyebeba mtoto, anavua kwa vidole bila kuinama, safu ya pili yote, sasa ya tatu, hakuna anayemwangalia mwenzake, hakuna anayesimama, wanaendelea kumsikiliza Shafiki kwa adabu, mabega yametulia, mikono juu ya magoti, na chini ya viti, nyayo.

"Madamu," Francis ananong'ona, "jiandae, anakuita sasa hivi, mkono wa kulia, usisahau," na Paulino upande wa pili amekwisha kuinuka nusu, amekaa tena, kifuniko cha soda kimemkata kidole na hajaona, tone moja la damu kwenye kitambaa cha meza, na barabarani magodoro mawili, matatu, mzee anabebwa kwenye toroli, na trekta linanguruma, dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja na kujikinga jua kwa mwingine, anatazama huku, anangoja ishara, mtu mmoja tu hapa bado anamngojea, na Zulaika anahesabu, hawezi kuacha kuhesabu, ekari mbili na nusu, miaka mitatu ardhini, mara nyumba arobaini na moja, watu wangapi, miezi mingapi, na kwa mara ya kwanza hesabu inakubali, namba zinakwenda kila moja mahali pake bila kusukumwa, mia mbili na kumi na wawili wanarudi kwenye kisanduku chao, na jibu linalotoka ni mama mwenye miaka ishirini anayetambaa alfajiri na kukuta, chini ya udongo, kitu ambacho hakuna aliyekiondoa. Chini ya meza, nyuma ya kitambaa kinachofika nyasini, anakanyaga kisigino cha kiatu cha kulia kwa kidole cha mguu wa kushoto, kiatu kinatoka, kisha kingine, nyasi ni za moto, na anakikunja kile kitambaa cheupe mara mbili juu ya mikunjo yake minne, anakiweka pajani, anakiacha kianguke, anakisukuma kwa mguu mpaka kinaingia ndani ya kiatu. "Na sasa, bila kupoteza wakati," anasema Shafiki, na anavuta pumzi, na anaanza kumsifu baba yake marehemu, na kule mwisho wa shamba dereva hajaondoa macho kwenye mkono wa Zulaika wa kulia, ambao uko juu ya meza, wazi, hauna kitu.